Mlango wa Sisimizi

Nilipokuwa mtoto, sisimizi walimshinda baba yangu akili, na kama huamini, acha kusoma sasa hivi uende ukachunge mbuzi. Sitakubembeleza. Habari hii nimeisimulia Ogwedhi, sokoni kwa ng'ombe, mbele ya Wamaasai, Wakuria na Wajaluo wenzangu, watu ambao hawaaminiani hata juu ya umri wa ndama, na hakuna aliyewahi kunionyesha mahali nilipodanganya. Wewe uliyesoma, jaribu.

Mimi sikusoma. Shule niliiacha darasa la saba, na shule haijawahi kulalamika. Leo ni broka wa ng'ombe, na si broka wa kubahatisha. Mwenye fahali akinikosa sokoni anaona heri arudi naye nyumbani. Watu huniuliza, Okoth, ulijifunzia wapi kumwangalia mnyama akipita mara moja ukajua anaumwa wapi? Nawaambia nilifundishwa na sisimizi. Wanacheka. Sijui kwa nini watu hucheka ukiwaambia ukweli na hulipa ukiwadanganya.

Lakini sikuja hapa kujisifu, au tuseme sikuja kwa hilo peke yake. Nina hasira. Ninayo tangu utotoni, na kila masika redio ikitangaza kwamba mto Kuja umevunja kingo zake, inaamka kama fisi aliyenusa mfupa.

Kwetu ni chini kabisa, Nyatike, pale mto Kuja unapochoka kukimbia unaanza kutambaa kuelekea ziwani. Udongo wetu ni ule mweusi unaokuvua kiatu. Mvua inanyesha Kisii, juu huko wanakolima chai, na maji yake tunaletewa sisi bila kuagiza. Katikati ya uwanda huo kuna mwinuko mmoja wa mawe. Babu alijenga dala yake, yaani boma lake, juu ya mwinuko huo, akazikwa huko, na Dani akabaki huko.

Dani ni bibi yangu mzaa baba. Alikuwa nyar Ndhiwa, binti wa upande wa Homa Bay, na mpaka anakufa alituona sisi wa mtoni kama watu waliozaliwa jana. Aliniita chuora, mume wangu, kama bibi wa Kijaluo anavyomwita mjukuu wake wa kiume. Nami nilimwambia mbele ya wageni kwamba nimeoa mke asiye na meno na nadai ng'ombe zangu zirudi. Alikuwa akicheka mpaka anashika ukuta.

Huyo ndiye aliyenifundisha sisimizi. Siku moja aliniita nyuma ya jikoni lake.

"Kaa chini. Mume gani huyu anasimama kama mlingoti wa simu."

Nikakaa. Mbele yetu kulikuwa na kitundu kisichotosha hata kidole changu kidogo. Kukizunguka, sisimizi weusi walikuwa wamepanga chembe za udongo moja juu ya nyingine mpaka zikawa ukingo, kama mdomo wa mtungi.

"Hiyo ni nini?" akauliza.

"Takataka zao. Wanachimba, wanatupa nje."

"Mama yako akifagia, takataka anauzungushia mlango?"

Nikainama. Alipoonyesha kwa fimbo ndipo nikaona kwamba ukingo haukuwa sawa. Upande mmoja ulikuwa mrefu, na upande huo ulitazama juu kwenye mteremko, huko maji ya mvua yanakotokea. Dani akachukua kikombe cha maji, akamwaga polepole kutoka juu. Maji yakashuka, yakafika kwenye ukingo, yakagawanyika mawili kama watu wanaompita mlevi barabarani, yakaenda zake. Kitundu kikabaki kikavu.

Akamwaga zaidi. Hapo sisimizi wakatoka mbio, kila mmoja na kijiwe chake, wakaanza kuziba. Mmoja mwenye kichwa kikubwa akakipachika katika nafasi iliyobaki, kama kizibo cha chupa. Wawili watatu walikuwa bado nje, upande wetu, wakisukuma chembe za mwisho dhidi ya yule mwenye kichwa.

"Hawa wamefungiwa," nikasema.

"Hawakufungiwa. Wamefunga. Kuna mlango haufungiki vizuri ukiwa ndani."

"Sasa wataingilia wapi?"

Dani akanyanyuka, akapangusa sketi, akasema mtama haujipepeti wenyewe.

Jioni hiyo alinionyesha la ndani ya nyumba yao. Alibandika pamba kavu ndani ya kikombe, kwenye kitako chake, akakifudikiza kwenye karai la maji, akakizamisha chote. Alipokitoa, pamba ilikuwa kavu kabisa. Akasema vyumba vya sisimizi huinuka kuelekea juu namna hiyo, hewa inabaki imeshikwa, na watoto wao wanalala huko huku maji yakipita chini yao. Mwalimu wangu wa sayansi alikuja kutufundisha jambo hilohilo kwa kikombe hichohicho, nikamwambia hilo la zamani. Akanichapa. Ulinganishe mwenyewe.

Sasa sikiliza imani yenyewe, kwa sababu hapa ndipo wasomi huanza kutabasamu. Dani alisema ardhi ni ya sisimizi, sisi tumekaribishwa tu. Wakihama mahali, hapo mtu hapigi nguzo. Akipiga, mwenye dala hiyo hatazeekea ndani yake.

Baba aliyasikia maneno hayo maisha yake yote, na yalimpita kama upepo wa basi. Alikuwa Msabato wa kweli. Jua la Ijumaa likizama, kwetu hata kisu hakikunolewa. Dani alipotaja sisimizi, Baba aliimba wimbo wa kanisa kwa sauti mpaka mama yake amalize.

Ulipofika wakati wa Baba kutoka katika dala ya babu na kuanzisha yake, akachagua uwanda wa chini, karibu na mto. Kaka yake, Baba Mkubwa Owino, alikuwa ameshajenga juu kwenye mwinuko. Kwa mila yetu mkubwa huchagua kwanza, naye alichagua, na kipande kilichobaki akakizungushia ua wa ng'ombe. Baba akashuka na vigingi vya kupimia. Mimi nilikuwa nyuma yake, na Dani nyuma yangu na fimbo yake.

Dani alichokonoa kitundu cha kwanza. Hakuna aliyetoka. Akachokonoa cha pili, akapiga ardhi kwa kisigino. Kimya. Vitundu vilikuwa vingi, kingo zake zimebomoka, vimekauka kama macho ya samaki aliyesahauliwa juani.

"Hapa wamehama," akasema.

"Mama, mimi namwabudu Mungu aliyeumba sisimizi. Siabudu sisimizi."

"Sijakwambia uwaabudu. Nimekwambia uwaulize."

"Niwaulize vipi? Wako wapi hata niwaulize?"

"Hilo ndilo jibu lao."

Baba akakaza taya. "Basi nijenge wapi? Niambie wewe. Kwenye zizi la Owino?"

Pembeni kulikuwa na kichuguu kikubwa cha mchwa, kirefu kuliko Baba, na Baba alikuwa amepanga kukivunja apate udongo wa kukandikia nyumba. Dani akakipanda, mwanamke mzee yule, kwa magoti na viganja, akakaa juu yake kama kuku anayeatamia.

"Hiki utakivunja nikiwa hapa hapa," akasema.

Alikaa huko mpaka mchana. Wapita njia walisimama kucheka. Mwishowe Baba akasema kichuguu kibaki, mama ashuke, amtie aibu mahali pengine. Huo ndio ushindi pekee Dani alioupata.

Kinachonikera mpaka leo ni hiki. Mtu huyu aliyesema sisimizi ni ushenzi aliijenga dala yake kwa mila yote, asiache hata moja. Kwetu, mwanamume akienda kuanzisha dala hutoka alfajiri na jogoo kwapani, mke wake nyuma na moto kwenye kigae, na mtoto wao wa kwanza wa kiume amebeba shoka. Nyumba lazima isimame siku hiyohiyo. Bila mtoto na shoka, hakuna dala. Kwa hiyo jogoo alikuwa dini, shoka lilikuwa dini, sisimizi peke yao ndio walikuwa shetani.

Na mtoto wa kwanza ni mimi.

Alfajiri hiyo nililikalia shoka. Nililiweka chini mlangoni kwa Dani, nikalikalia, nikasema sibebi. Mama alikuwa ameshatoka na moto, akipuliza kigae, na moshi unamwingia machoni. Mdogo wangu Achieng alikuwa mgongoni kwake, amelala. Nilingojea kofi. Baba hakunipiga. Alichuchumaa mbele yangu na jogoo wake kwapani.

"Okoth," akasema, "hata niwe na nguvu za ng'ombe, bila wewe siwezi. Ukikaa hapo, mimi leo si mtu."

Ungefanya nini? Nilisimama. Nikabeba shoka begani kama askari wa gwaride, nikapita mbele ya nyumba ya Baba Mkubwa kifua mbele, na Baba Mkubwa akatoka kutusindikiza akisema mahali ni pazuri, pana rutuba, pana maji. Maji kweli yalikuwepo, hapo sina ubishi naye.

Jioni nyumba ilikuwa imesimama. Tukalala humo. Na ukishalala kwenye dala yako mpya, kurudi kulala kwa babako na mke na watoto ni chira, ile laana inayomkausha mtu mpaka mifupa imsalimie. Mtego wenyewe ulikuwa huo, na sisi ndio tuliojifungia. Sisimizi akiona nyumba imeharibika anabeba mayai yake anahama. Sisi tulikuwa tumejenga nyumba isiyoruhusu kuhama.

Masika yakaja bila mvua. Hilo ulikumbuke. Kwetu jua lilikuwa linawaka, mbingu safi kama sahani iliyooshwa. Asubuhi moja Mama aliona mstari mweusi ukipanda ukuta wa nyumba. Sisimizi, kila mmoja amebeba yai jeupe, wanakwenda kwenye dari. Mama akashika ufagio na majivu. Dani, ambaye alishuka kila siku kutuangalia na kupanda jioni kwa sababu mama hawezi kulala nyumbani kwa mwanawe, akamshika mkono.

"Usifagie mayai ya watu, mke wa mwanangu. Na yako yatafagiwa."

Baba alikuwa anakunywa uji mlangoni. Akacheka. "Mvua iko wapi, Mama?"

"Iko Kisii."

"Na sisimizi wa Nyatike wanajuaje mambo ya Kisii? Wana simu?"

"Wewe unatazama juu. Wao wanatazama chini. Weka mkono sakafuni."

Mimi niliweka. Mama aliweka. Sakafu ya udongo ilikuwa baridi na unyevu, kama ngozi ya mtu anayetaka kuugua. Baba alishika bakuli lake kwa mikono miwili, hakuweka.

"Pandeni juu," Dani akasema. "Mlale hata kwenye zizi."

"Nirudi kwa Owino na shoka mgongoni? Niwe nani, Mama? Watoto hawa wakikonda kwa chira, nitawaeleza ni sisimizi walionishauri?"

Tukabaki. Na mimi nilimchukia hapo, nikiwa nimesimama na unyevu kiganjani, na nimemchukia miaka mingi tangu siku hiyo.

Maji yalikuja asubuhi, siku chache baadaye, tukiwa bado hatujaosha vikombe. Yalianza kama mlio, kama lori zito linalopanda mlima na halifiki. Halafu mahindi ya upande wa mto yakaanza kuinama mstari kwa mstari, na nyuma yake rangi ya chai. Baba akakimbilia kwa fahali wake aliyekuwa amefungwa karibu na lango. Nilimwona kwa macho yangu. Mimi nikamtia Achieng mgongoni, nikamshika Dani mkono, nikamsukuma juu ya kichuguu, na Mama akaja nyuma yetu na blanketi. Ndiyo, mimi. Mtoto wa umri ule. Wengine wa umri wangu walikuwa bado wanaogopa bata.

Juu ya kichuguu tulikuwa na wenzetu. Kuku, panya, nyoka mdogo wa kijani ambaye hakumtazama yeyote, na sisimizi weusi waliotutangulia na mayai yao. Maji yakapanda. Yakaingia nyumbani kwetu kama mgeni asiyebisha hodi, nyumba ikakaa chini polepole, mabati yakabaki yanaelea.

Ndipo nikaona mpira. Ulikuwa mweusi mwekundu, mkubwa kuliko kichwa cha mtu, unazunguka juu ya maji. Nikanyoosha mguu niusukume. Dani akanivuta.

"Usiguse. Ni siafu. Ndani kuna watoto wao."

Wakubwa walikuwa nje, wameshikana miguu kwa miguu, na mpira ulipogeuka, waliokuwa juu walizama na waliokuwa chini wakapata hewa. Ulipogusa kichuguu chetu ukafunguka kama ngumi. Siafu wakapanda, wakapita juu ya miguu yetu, maelfu yao, na hawakutuuma. Hapo najua unaguna. Guna. Nimeshaumwa na siafu mara nyingi tangu hapo na najua meno yao. Siku ile hawakuuma mtu.

Mchana Baba Mkubwa na vijana wakatufikia kwa mtumbwi. Baba hakuwa nasi. Alipatikana maji yalipopungua, palepale langoni, na kamba ya fahali imezungushwa mkononi mwake. Fahali mwenyewe alikutwa barabarani, mzima, anacheua.

Kwa hiyo watu walimaliza hesabu yao haraka. Alimfuata fahali. Alikufa kwa tamaa ya ng'ombe.

Tulimzika kwenye dala yake, hukohuko chini, kwa sababu mtu mwenye dala hazikwi kwingine. Kaburi lilijaa maji tukalitoa kwa ndoo. Baba Mkubwa Owino akasimama kuzungumza. Akasema ndugu yake alikuwa mchapakazi lakini alipenda mali. Halafu akageuka upande aliokaa Dani.

"Na kuna mdomo uliomtangulia," akasema. "Mzazi akimwambia mwanawe hutazeekea hapa, anataka nini kitokee? Aliyetabiri ndiye aliyetuma."

Mchungaji alitazama viatu vyake. Tangu siku hiyo wanawake wa ukoo waliacha kula chakula cha Dani, wakawa wanapitisha watoto wao mbali na jikoni lake. Mwanamke aliyekalia kichuguu kwa makalio yake, kichuguu kilichotuokoa sisi sote, akageuzwa mchawi na mtu aliyezungushia ng'ombe mahali ambapo mdogo wake angelala salama. Mimi na Mama tulirudi kwake juu, chira au siyo chira, na sikukonda. Niangalie. Nimekonda?

Aliishi miaka kadhaa zaidi. Hakuongea tena habari za sisimizi, isipokuwa nimchokoze. Nilipomwambia, Dani, mke wangu, ulishinda, ulisema ukweli, alinitazama kama mtu aliyepewa zawadi ya kitu chake mwenyewe kilichoibwa.

"Nilitaka nishindwe," akasema.

Siku hizi wanakuja wageni na buti ndefu kutuuliza wazee wetu walijuaje mafuriko. Tunapewa soda. Owino, mzee sasa, huketi mbele na kueleza juu ya sisimizi kwa ufasaha, ukingo, mayai, siafu, kila kitu, na wageni wanatikisa vichwa kwa heshima. Nilikuwepo safari moja. Niliondoka kabla ya soda, nikaendesha pikipiki mpaka Migori bila kujua nimepitaje.

Na sasa msikie mila inavyojua kutesa. Nina mke, nina kijana wangu Odero, na wakati wangu wa kuanzisha dala umefika. Nimepata mahali pa juu, upande wa Uriri, penye sisimizi wengi, wakali, milango yao imejengwa vizuri. Nimekwenda na Odero tukakaa chini, tukawamwagia maji, tukawatazama. Lakini mtu aliyefiwa na baba huonyeshwa mahali pa dala na ndugu wa babake. Huyo ni Owino. Lazima nimwombe atangulie mbele yangu alfajiri hiyo.

Wiki iliyopita nilikwenda. Alinikaribisha vizuri, nikamweleza. Akacheka kidogo.

"Nitakuja, nyathina, mwanangu," akasema. "Ila wewe na ng'ombe, mpunguze mapenzi. Usife kama baba yako."

Nikacheka naye. Ndiyo, nikacheka. Nimelicheka neno hilo Ogwedhi miaka yote, watu wakisema Okoth ni mwana wa yule aliyemfuata fahali, nami nikijibu basi mnajua biashara hii iko kwenye damu. Linauza. Mteja akicheka ameshalegea.

Lakini njiani nikirudi, Odero, niliyekuwa nimemkalisha mbele yangu kwenye pikipiki, akaniuliza habari za sisimizi wale wa Uriri, wale tuliowamwagia maji, waliobaki nje wakifunga mlango.

"Baba, wao waliingilia wapi?"

Nikasimamisha pikipiki. Nilijifanya naangalia mnyororo.

Sasa nitakwambia nilichokiruka. Nimekwambia Baba hakuweka mkono sakafuni. Hakuweka mbele yetu. Dani alipopanda kwake jioni ile na Mama akaenda kisimani, nilimwona kupitia upenyo wa ukuta amepiga magoti, viganja vyote viwili chini, akakaa hivyo muda mrefu kama anayeomba. Kisha akauchukua ufagio wa Mama akautupa juu ya paa.

Akachukua jembe. Jioni ile, na kila jioni iliyofuata, alichimba. Alizungushia dala yetu tuta la udongo, akilishindilia kwa miguu, na upande wa mto akaliinua juu kuliko pengine pote. Aliacha lango, na kando ya lango akapanga magunia ya udongo. Alikuwa akiimba wimbo wa kanisa. Sikumsaidia kwa sababu hakuniomba, na Dani alipoliona tuta alilipapasa tu alipokuwa akipita.

Ndiyo maana maji yalichelewa. Ndiyo maana mtoto wa umri wangu aliweza kumpandisha bibi mzee juu ya kichuguu. Si nguvu zangu.

Kwa fahali alikwenda, ni kweli. Alimfungua, akampiga kofi la matako, fahali akakimbilia barabarani, yeye akabaki na kamba. Akaizungusha mkononi, ncha ya pili akaifunga kwenye nguzo ya lango, na akaanza kupanga magunia. Nilikuwa bado chini ya kichuguu, Achieng mgongoni. Nilimwita. Magunia yalikuwa upande wa nje, yeye pia, na maji yalishamfika kiunoni.

Aligeuka akanitazama. Alisema, "Panda. Mshike Dani." Halafu akalivuta gunia la mwisho, akalipachika mahali pake, na nikaacha kumwona.